Unakwenda Wapi? Riwaya ya Kipolandi na Moto wa Vijiji Vyetu



Katika maktaba ya seminari tuliyosomea palikuwa na kitabu kimoja kinene ambacho jalada lake lilishonwa kwa uzi wa viatu. Kurasa zake za mwanzo hazikuwapo. Ama panya walizila, ama wanafunzi walizipatia kazi nyingine. Kilikuwa riwaya iliyofasiriwa kwa Kiingereza kutoka lugha ya Kipolandi, na jina lake lilikuwa la Kilatini: Quo Vadis, maana yake "Unakwenda wapi?" Tulikisoma kwa zamu, kila mmoja siku tatu, na aliyekichelewesha alitozwa kipande cha sabuni. Tulikipenda kwa sababu za ujana: simba, magari ya farasi, na lile jitu Ursus linalomvunja fahali shingo mbele ya Kaisari.

Miaka imepita, nywele zimeanza kubadilika rangi, na hivi karibuni tumekisoma tena. Safari hii simba hawakutushughulisha sana. Waliotushughulisha ni watu walioketi kuwatazama simba. Tumeona inafaa kuwaandikia wanajumuiya wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini zote juu ya jambo hilo, kwa sababu umati ule tumekwisha kuuona kwa macho yetu wenyewe, wala haukuvaa mavazi ya Kirumi.

Mtu wa taifa lililofutwa

Mwandishi wa riwaya hiyo ni Henryk Sienkiewicz, aliyezaliwa mwaka 1846. Alipozaliwa, nchi yake haikuwamo katika ramani ya dunia. Tangu mwaka 1795 Polandi ilikuwa imegawanywa kabisa na wakubwa watatu: Urusi, Prussia na Austria. Sienkiewicz alizaliwa upande wa Urusi, akaandika akiwa raia wa mfalme asiyemchagua. Quo Vadis ilianza kutoka gazetini huko Warsaw mwaka 1895 ikamalizika mwaka 1896, na katika muda mfupi ikafasiriwa katika lugha nyingi za dunia. Mwaka 1905 mwandishi alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alifariki nchini Uswisi mwaka 1916, miaka miwili kabla nchi yake haijarudi katika ramani.

Hadithi yenyewe ni ya Roma wakati wa Kaisari Nero, karne ya kwanza. Askari kijana wa ukoo mkubwa, Vinicius, anampenda binti aitwaye Ligia, ambaye ni mateka. Ligia ametoka katika taifa la kaskazini, mbali na mipaka ya dola, na Sienkiewicz aliliweka taifa hilo makusudi katika nchi ambayo baadaye iliitwa Polandi. Wapolandi walielewa bila kuambiwa. Mateka yule aliyekuwa katika nyumba ya watawala, asiye na jeshi wala sheria ya kumtetea, alikuwa ni wao wenyewe. Ndiyo maana kitabu kinachosimulia mambo ya kale ya Roma kilisomwa kama habari ya siku ile.

Njia iliyopita kwetu

Msomaji anaweza kuuliza: sisi wa Uhehe, Usafwa, Unyakyusa na Ubena tuna uhusiano gani na Wapolandi? Tunao, tena si mdogo.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 Sienkiewicz mwenyewe alifika Zanzibar na Bagamoyo. Pale Bagamoyo aliikuta misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na iliyojulikana kwa kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Alisafiri kidogo kuelekea bara, kisha homa ikamrudisha. Mwaka uleule, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, mkoani Iringa. Na mwaka 1905, mwaka ambao Sienkiewicz alipokea tuzo yake, ndio mwaka Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini mwa nchi hii. Serikali ya Berlin iliyowatawala Wapolandi wa Poznań ndiyo iliyokuwa na maboma yake Iringa na Songea.

Kisha ikaja vita kuu ya pili. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi wa mashariki, ukawapeleka Siberia na Kazakhstan. Waliosalimika na kuruhusiwa kutoka walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Katika Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu 5,000 hivi. Lakini nyingine mbili zilikuwa huku kwetu, katika jimbo lililoitwa wakati huo Nyanda za Juu Kusini: moja Ifunda, Iringa, na nyingine Kidugala, karibu na Njombe, mahali palipokuwa misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wajerumani. Walilima, walisali, walifungua shule za watoto wao, na walizika wafu wao. Vita ilipokwisha, wengi hawakuweza kurudi kwao, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makaburi ya baadhi yao yamebaki katika udongo wetu.

Basi watoto wa taifa la Sienkiewicz walilala katika baridi yetu ya Juni na Julai, wakiwa wakimbizi. Anayepita barabara kuu kati ya Iringa na Mafinga anapita jirani na mahali pale, pengine bila kujua. Tunapenda ajue.

Haki inatudai tuseme na upungufu wa mwandishi. Mwaka 1911 alitoa riwaya nyingine, ya watoto wawili wa Kizungu wanaovuka Afrika. Ndani yake Mwafrika ni mtumishi mwema au mshenzi wa kuchekwa, na mtoto mweupe ndiye mwenye akili. Mtu aliyeweza kuitazama Roma kutoka chini, kwa macho ya mateka, alipofika kwetu aliitazama Afrika kutoka juu, kwa macho ya Kaisari. Hatusemi hivi ili kumtukana marehemu. Twasema kwa sababu ni onyo: aliyeonewa haponi kwa kuonewa tu. Anaweza kuijua vizuri njaa ya haki kwake mwenyewe, asiitambue kwa jirani. Nasi tuliotawaliwa hatujapewa hati ya kuwa watu wema.

Mji uliungua

Tuingie sasa katika kiini. Mwezi Julai mwaka 64 Roma iliungua. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba mji ulikuwa na mitaa mikuu kumi na minne. Minne tu ndiyo iliyobaki salama, mitatu iliteketea kabisa, na saba iliharibika vibaya. Watu walipoteza nyumba, watoto, akiba ya maisha. Uchungu ulikuwa wa kweli. Na uchungu wa kweli hutafuta jina la mtu.

Watu wakanong'ona kwamba Kaisari mwenyewe ndiye aliyeamuru moto. Ili kuuzima uvumi ule, Nero akatafuta watu wengine wa kubebeshwa lawama. Akawapata Wakristo: wachache, maskini, wageni wengi miongoni mwao, wenye desturi za kukutana faraghani ambazo majirani hawakuzielewa. Waliuawa kwa mbwa, kwa misalaba na kwa moto. Riwaya inaeleza jinsi watu waliounguliwa na nyumba walivyokwenda uwanjani wakala, wakanywa, wakapiga makofi.

Tunaomba msomaji aangalie hatua zile moja moja, kwa sababu hazijabadilika tangu siku ile. Kwanza, msiba wa kweli. Pili, swali la haki: nani amefanya? Tatu, jibu la haraka. Nne, mtu dhaifu ambaye hakuna atakayemlilia. Tano, watu wengi kwa pamoja, ili damu isimwangukie mmoja.

Sasa tuziweke hatua hizo katika kijiji chetu. Mtoto amekufa ghafla. Mashine ya kusaga imeungua. Mahindi ya bwana fulani yamestawi na ya jirani yake yamenyauka. Msiba ni wa kweli. Nani amefanya? Na jibu halichukui siku nyingi: ni yule bibi mjane wa pembezoni, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini jikoni, asiye na mtoto wa kiume karibu, na ambaye, tusisahau kulisema, ana kiwanja kizuri karibu na barabara.

Hata Nero ana haki ya kusikilizwa

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu riwaya yenyewe inatutega. Sienkiewicz anamwonyesha Nero kuwa ndiye aliyeamuru mji uchomwe, nasi wasomaji tunafurahi kuamini. Lakini riwaya si hati ya mahakama. Tacitus, ambaye hakumpenda Nero hata kidogo, anakiri kwamba haikujulikana kwa hakika kama ni bahati mbaya au hila ya mfalme, na anaeleza kwamba moto ulipoanza Nero alikuwa Antium, nje ya mji. Wanahistoria wengi wa siku hizi hawaamini kwamba alichoma yeye. Mji ulijaa nyumba za mbao zilizobanana, na kulikuwa na upepo.

Kwa hiyo uvumi ulimpata Nero bila ushahidi, naye akausukuma kwa Wakristo bila ushahidi. Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Kama Warumi wangezoea kuuliza, "Nani aliona? Aliona nini? Alikuwa wapi?", Nero asingepata soko la uongo wake. Hatumtetei Nero, damu ya wasio na hatia aliimwaga, na hilo ni hakika. Tunasema tu kwamba haki isiyomfaa Nero haitamfaa bibi mjane. Haki ni hiyo moja. Ukiilegeza kwa adui unayemchukia, siku moja itakosekana kwa mama yako.

Tuna methali isemayo, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Ni methali nzuri kwa mkulima anayesikia habari za mvua. Kwa hakimu ni sumu. Lisemwalo mara nyingi halipo, nalo linakuja kwa sababu tu watu wamelileta kwa miguu yao, wakiwa na mapanga na galoni la petroli. Tuna nyingine: "Penye wengi hapaharibiki neno." Katika uwanja wa Roma walikuwapo wengi, tena maelfu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mwenye hatia kabla kosa lake halijathibitishwa. Na ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kulindwa uhai wake na jamii. Angalieni neno hilo: na jamii. Si na polisi peke yao.

Chilo wa vijijini kwetu

Katika riwaya yumo mtu aitwaye Chilo, Mgiriki mwenye njaa na maneno mengi. Kazi yake ni kuuza majina. Anajipenyeza kwa Wakristo, anachora alama yao ya samaki, anajifanya ndugu, kisha anawauza kwa mfuko wa fedha. Tulipokuwa vijana alituchekesha. Siku hizi hatucheki tena, kwa sababu tunamfahamu. Kwetu anaitwa mpiga ramli chonganishi. Hufika kijijini, mara nyingi kwa mwaliko, akikaribishwa kwa mchango uliokusanywa kaya kwa kaya kama vile ni mchango wa darasa au wa zahanati. Hutembea nyumba hata nyumba, hufukua pembe na vibuyu ambavyo pengine amekuja navyo mfukoni, kisha hutaja jina. Akishataja, hupanda pikipiki akaenda. Wanaobaki na jina ni wanakijiji.

Mkoa wa Mbeya haujasahau mauaji ya watu waliochunwa ngozi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Njombe haijasahau watoto waliouawa kikatili kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019. Ndugu zetu wenye ualbino wameishi miaka mingi wakiogopa usiku. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi, na Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928. Sheria ipo na marufuku ipo. Lakini mchango wa kaya kwa kaya nao upo, na wanaouchangia, tuseme kweli, ni pamoja na wale tunaowapa Komunyo siku ya Dominika.

Yumo pia Petronius, mtu wa elimu, mwenye usemi mtamu, anayejua vizuri kwamba Wakristo hawakuchoma mji. Wakati mmoja anasema hivyo waziwazi mbele ya Nero, na kwa kweli anahatarisha nafasi yake. Lakini amechelewa. Kwa miaka mingi amekula meza moja na uongo, akiufanyia mzaha kwa ustadi, na uongo umeota nguvu. Tunao akina Petronius wetu: mwalimu, muuguzi, bwana shamba, mstaafu wa serikali, na padre pia. Tunaucheka ushirikina tukiwa sebuleni, kisha tunatoa elfu mbili za mchango ili tusionekane tunajitenga. Elimu inayocheka faraghani na kuchangia hadharani haijamsaidia mtu.

Na yumo Crispus, mzee wa kanisa mwenye bidii kali, ambaye mahubiri yake hayana nafasi ya huruma. Mitume wanalazimika kumkanya. Tunamwona naye katika mimbara za leo. Mhubiri anayetaja pepo na wachawi katika kila neno, anayeeleza kila ugonjwa kwa adui wa siri ndani ya ukoo, hachomi nyumba ya mtu. Lakini kuni amezipanga yeye.

Watu watatuambia: "Padri, wewe unasema hivyo kwa kuwa hujalogwa. Polisi wako mbali, mtuhumiwa hupewa dhamana kesho yake, na uchawi hauna shahidi." Hatuyapuuzi maneno hayo. Polisi kweli wako mbali, na kesi kweli huchelewa. Lakini hoja hiyo, ikipimwa, inaanguka kwa uzito wake. Kama uchawi hauna shahidi, basi wewe nawe huna shahidi. Hatuhitaji kumaliza leo ubishi juu ya kuwapo kwa uchawi. Hata anayeuamini kwa moyo wake wote hana budi kukubali kwamba jina lililotajwa na mtu aliyelipwa kulitaja si ushahidi.

Siku tuliyokwenda mjini

Hatungeandika makala haya kama tungekuwa tunawasema wengine tu.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa bado wapya katika upadre, tulikuwa katika parokia moja ya milimani ambayo hatutaitaja. Katika kigango kimoja walikufa watoto wawili wa familia moja ndani ya juma moja. Jioni ya mazishi ya pili tulikuwa tumekwisha kupanga mizigo garini, kwa kuwa asubuhi yake kulikuwa na mkutano mjini. Tukiwa tumeanza kuondoka, katekista wa kigango alitusimamisha barabarani. Alikuwa juu ya baiskeli, amelowa jasho katika baridi ile. "Baba," alisema, "wamemtaja bibi fulani. Vijana wanakunywa. Ukija wewe watatulia."

Tulitazama saa. Tulimwambia akatoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na kwamba kesho kutwa tukirudi tutafika bila kukosa. Tulimpa na nauli. Kisha tukaendelea na safari. Mkutano ule ulihusu mpango wa kichungaji wa mwaka.

Tuliporudi, nyumba ya bibi ilikuwa majivu, na mahindi yake darini yalikuwa yangali yakitoa moshi. Yeye mwenyewe hakufa. Mke wa katekista alikuwa amemficha jikoni kwake chini ya magunia, na vijana walipofika kuuliza, alisimama mlangoni akawaambia kwamba wampige yeye kwanza. Walisimama, wakaguna, wakaondoka. Walikuwa vijana kama ishirini. Mama yule alikuwa mmoja, tena mjamzito.

Bibi alihamia kwa binti yake, wilaya nyingine. Ilituchukua miezi minne kupata ujasiri wa kumtembelea. Alitukaribisha kwa heshima, akamtuma mjukuu kutuletea maji ya kunawa, akatupikia. Hakulalamika. Tulipokuwa tunaaga, alituuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za safari: "Baba, siku ile ulikuwa unakwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Hatujapata jibu mpaka leo.

Petro njiani

Mapokeo ya kale, ambayo Sienkiewicz aliyatumia kuipa riwaya yake jina, yanasimulia kwamba Wakristo wa Roma walimsihi Petro akimbie ili Kanisa lisipoteze mchungaji. Sababu ilikuwa nzuri. Sababu za kuondoka daima ni nzuri. Alfajiri, katika barabara ya Apia, Petro akamwona Bwana akija upande wa mji, akamwuliza anakwenda wapi. Akajibiwa kwamba, kwa kuwa Petro anawaacha watu wake, Bwana anakwenda Roma asulubiwe tena. Petro akageuka, akarudi alikotoka.

Tuangalie kwamba Petro hakurudi na jeshi. Hakurudi na mpango wa kuiangusha dola. Alirudi tu ili awepo. Na Nero, aliyekuwa na majeshi yote, alijiua mwaka 68, miaka minne baada ya moto, huku askari wake wakiwa wamemwacha.

Kuna jambo jingine tulilopita haraka tulipokuwa vijana. Ursus anapomvunja fahali shingo na kumwokoa Ligia, Vinicius anaruka uwanjani, anafunua kifua chake chenye makovu ya vita, na umati unasimama kumdai Kaisari awasamehe. Ni umati uleule! Ni watu walewale waliopiga makofi siku za nyuma. Umati, basi, si mvua ya mawe isiyozuilika. Umegeuzwa na mmoja aliyethubutu kuingia katikati. Mke wa katekista hakupata kuisoma Quo Vadis, wala hakuhitaji.

Tufanye nini?

Tume za Haki na Amani katika parokia zetu zina kazi nyingi, na hatupendi kuongeza azimio jingine la kubandika ukutani. Tunapendekeza mambo manne tu, ambayo kila jumuiya inaweza kuyafanya bila kuomba fedha popote.

Kwanza, jumuiya ikatae hadharani mchango wa kumleta mpiga ramli. Familia moja ikikataa peke yake itatajwa mchawi. Familia kumi na mbili zikikataa pamoja, mchango unakufa.

Pili, katika msiba wa ghafla, hasa wa mtoto, jumuiya isiishie kuleta unga na kuni. Ipeleke watu wawili wenye busara wakakae na wafiwa usiku wa kwanza, na wengine wawili wakalale kwa yule ambaye wote wanajua atatajwa. Jina lake hujulikana mapema. Tusijifanye hatujui.

Tatu, kila kigango kijue kwa jina msaidizi wa kisheria aliye karibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hao, na huduma yao ni bure. Aliyechomewa nyumba ana haki ya kushtaki, na kijiji kizima kikinyamaza hakuna kesi itakayosimama. Ushahidi ni tendo la upendo, ingawa hautangazwi kanisani pamoja na sadaka.

Nne, nalo latuhusu sisi mapadre: tukiitwa usiku, twende. Mkutano utatusubiri, na usipotusubiri tutasoma muhtasari.

Kwa mazungumzo ya jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani ambaye angetajwa kwanza kama msiba ungetokea leo usiku? Ni lini mara ya mwisho tulimtembelea?

2. Je, tumewahi kutoa mchango ambao dhamiri yetu iliukataa? Tuliogopa nini?

3. Ni mara ngapi tumekuwa na sababu nzuri ya kuondoka?

Swali la nne halina namba, kwa sababu si letu kulijibu katika kikao. Tutaulizwa kila mmoja peke yake, barabarani, na huenda atakayetuuliza akawa bibi kizee mwenye macho mekundu: unakwenda wapi?